Nilikwenda Ugiriki Kumzuru Nusrat

Mtaa wa Miyomboni,
Iringa.
14 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Saumu,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Kwanza nakujulia hali wewe, shemeji na wapwa zangu wote huko Maskati. Lile goti lako vipi, limepata nafuu? Na shemeji, bado anafunga duka adhuhuri akalale, au siku hizi watoto wanamsaidia? Mwenyezi Mungu awaweke katika afya.

Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mola. Mvua bado, ila watu wameshaanza kulima, na asubuhi ukungu unakaa Gangilonga mpaka saa nne. Mchele wa Rujewa mwaka huu unapatikana kwa kugombania, lakini duka linakwenda.

Barua hii anakuletea Mama Zainabu wa hapa mtaani, anayekuja kumwona mwanawe. Nimeona niandike kwa mkono. Mambo haya nikiyasema kwenye simu nitalia, na wifi yako Bibie atanisikia.

Nataka kukueleza safari yangu ya Ugiriki ya mwezi uliopita na yaliyotokea niliporudi. Najua mengine unayajua, lakini niache niyapange tangu mwanzo, maana hata mimi nikiyaandika huenda nikayaelewa.

Unamkumbuka mwanangu Nusrat alivyopenda mambo ya kale. Alianza kidato cha pili, Mwalimu Sosthenes Kalinga alipowapeleka Isimila kuona zana za mawe. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa kula kwanza, anataka kusimulia. Bibie akamwambia, "Si mawe tu hayo?" Akajibu, "Mama, kuna mtu aliyashika." Basi ikawa hivyo hivyo mpaka chuo Dar es Salaam, mpaka akapata ufadhili wa kwenda Ugiriki kusomea akiolojia. Nani alijua.

Agosti ile ya mwaka 2021 alikuwa kwenye uchimbuaji wa mji wa kale, akaugua korona, akafia katika hospitali moja ya Athene. Mwanamke mzima wa miaka ishirini na nne, hajawahi kulazwa. Kumleta nyumbani hatukuweza, unakumbuka hali ya ndege na vibali. Wakati ule Athene haikuwa na makaburi ya Waislamu, kwa hiyo wakamsafirisha kaskazini kabisa, karibu na mji unaoitwa Komotini, ambako Waislamu wapo tangu enzi za Waturuki. Mwenzake mmoja wa chuo, msichana wa Kisudani, akatutumia picha: udongo mbichi na kibao cha mti chenye namba. Hayo ndiyo maziko tuliyoyaona.

Tangu siku ile Bibie hakulia mbele ya watu. Alikuwa anafanya kazi zake kimya, anakula kidogo, na mara kwa mara ananiambia neno moja tu: "Nenda ukamwone, uje uniambie amelala wapi." Nikaomba viza peke yangu, nikanyimwa. Nikaomba tena, nikanyimwa.

Ndipo mwaka huu Mwalimu Kalinga, ambaye sasa amestaafu, akawa anakusanya kikundi cha walimu na watu wa makanisa kutoka Iringa na Mbeya. Walitaka kwenda na kiongozi wa watalii kuona magofu ya Ugiriki, kusikia hadithi zake za zamani, na kumalizia Filipi na Kavala alikopita Mtume Paulo. Akaja dukani.

"Kamwene, Baba Nusrat," akanisalimu kwa Kihehe. "Kutoka Kavala mpaka aliko binti yetu ni mwendo wa asubuhi moja. Jiunge na sisi. Kwa kundi viza itatoka."

Ikatoka. Ndivyo nilivyoondoka hapa, Mwislamu peke yangu katikati ya watu wa kwaya. Dada, siwezi kuwasema vibaya. Kila hoteli Mwalimu alitangulia kusema kuna mzee hali nguruwe, na nikisali walipunguza sauti.

Athene ni mji mkubwa uliokaa kuzunguka mlima wa mawe, na juu ya mlima ndiyo yale mahekalu yenye nguzo nyeupe unayoyaona kwenye picha. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa rika langu, jina lake Despina, anatembea mbele na mwavuli wa manjano tusimpoteze. Anasema kwa Kiingereza, Mwalimu Kalinga anatutafsiria. Tulipopanda kule juu nilikaa chini ya ukuta. Wenzangu walidhani nimechoka. Nilikuwa nakumbuka Nusrat alivyotutumia sauti yake kutoka pale pale, anahema, anacheka, anasema, "Baba, huku upepo unaweza kukuangusha!" Upepo ni huo huo, bado unavuma.

Kwenye makumbusho walitutembeza katika chumba cha mawe ya makaburi. Kuna jiwe la msichana amesimama, ameinamisha kichwa, ameshika njiwa. Ana miaka elfu mbili na mia nne tangu afe. Despina akasogea akasoma maandishi yaliyochongwa, jina la msichana na jina la baba yake, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nakwambia kweli, siku ile nilifurahi. Nilijisemea, hawa ni watu wasiopoteza wafu wao. Nikampigia Bibie nikamweleza lile jiwe. Naye akafurahi.

Kesho yake tulikwenda mahali panapoitwa Elefsina, nje kidogo ya Athene. Hekalu limebaki sakafu na visiki vya nguzo. Despina akatukalisha kwenye ngazi za mawe, akasimulia hadithi ya hapo. Hizo habari zao za miungu wengi nilikuwa nazisikiliza huku nasema astaghfirullah moyoni. Lakini hii ilinishika. Binti alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa wafu akamchukua. Mama yake akazunguka dunia nzima akiuliza watu, mpaka akafika pale akakaa kando ya kisima, mchafu, hatambuliki. Akazuia nafaka zisiote mpaka arudishiwe mwanawe. Wakubwa wakashindwa, wakakubali binti awe anarudi kwa mama yake sehemu ya kila mwaka.

Walimu waliandika kwenye simu zao. Mimi niliondoka nikaenda kusimama kwenye basi. Akanifuata Frida, muuguzi mstaafu wa Mbeya, Mnyakyusa, mama mpole sana.

"Ni hadithi tu hiyo, Baba Nusrat," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Lakini aliyeitunga alifiwa."

Akanishika mkono, tukasimama hivyo mpaka wengine wakaja.

Tukapanda milima kwenda Delfi. Njia ile ukiitazama utadhani unapandisha Kitonga, miamba upande huu, korongo upande ule. Zamani watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuuliza maswali, na mwanamke mmoja anakaa ndani ya hekalu anawajibu mambo ya mbele. Wenzangu wakaanza kutaniana, huyu atauliza habari za kiinua mgongo chake, yule atauliza nani atakuwa askofu. Mmoja akanigeukia, "Na wewe mzee, ungeuliza nini?" Kisha akakumbuka, na utani ukaishia hapo. Nilisikitika kuwaharibia. Kila jioni Bibie alipiga simu na swali lake lilikuwa moja: "Umefika?" Nami nasema, bado, tunasogea.

Tukafika Filipi. Ni uwanda wenye magofu mapana, na pembeni kuna kijito ambapo wanasema Paulo alimbatiza yule mama Lidia. Wenzangu wakaimba, wengine wakalia kwa furaha, na Frida akanawa uso kwa maji yale. Mimi nilikuwa naangalia mashariki.

Asubuhi iliyofuata kikundi kilipewa muda wa kupumzika Kavala. Despina akatafuta gari dogo, tukaenda wanne: yeye, Mwalimu, Frida na mimi. Dada, tulipoingia Komotini niliona minara ya misikiti! Wazee wamekaa nje na tasbihi zao, wanakunywa chai kwenye vibilauri vidogo. Halafu nikasikia adhana. Baada ya siku zote zile za kengele, adhana. Nikasema alhamdulillah, mwanangu yuko kwa watu wetu. Nilikuwa na moyo mwepesi, nisikufiche. Nilikuwa kama mtu anayekwenda kumchukua mtoto wake bwenini.

Imamu wa kijiji cha karibu alitupokea kwa salamu na kunikumbatia. Kijana wa heshima. Akatupeleka makaburini, kwenye mteremko wa kilima nje ya kijiji. Nikatoa simu nikamwonyesha picha yangu ya kibao chenye namba. Akaiangalia muda mrefu. Akasema kitu kwa Kigiriki. Despina akamwuliza, akajibu kwa sauti ndogo. Despina akauliza tena, sasa kwa ukali. Mwalimu Kalinga akamwinamia Despina, wakanong'ona kwa Kiingereza.

"Anasemaje, Mwalimu?"

"Subiri kidogo, Baba Nusrat."

"Mwalimu, anasemaje?"

Akavua kofia yake. Akaniambia kwamba majira ya baridi ya mwaka juzi ilinyesha mvua kubwa sana, maji yakashuka mteremko mzima na kuvibeba vibao vyote vya mti. Mzee mlinzi aliyewazika watu wa mwaka ule wa korona alikuwa anajua kila mmoja mahali pake, lakini mzee huyo naye alishafariki kabla ya mvua. Wageni waliofia mbali na kwao wamelazwa upande wa chini, karibu na uzio. Nusrat ni mmoja wao. Yupi, hakuna anayejua.

Nikaenda upande wa chini. Ni matuta yaliyolala, majani yameota, mengine yameshikana huwezi kusema hili linaishia wapi na hili linaanzia wapi. Nikapiga magoti kwenye la kwanza, nikaweka simu chini nilinganishe udongo. Nikaenda la pili. La tatu. Picha yangu ina kibao na udongo. Kibao hakipo, na udongo ni udongo tu.

Watu wanasema moyo wa mzazi unamjua mtoto wake. Na mimi nilingoja moyo wangu uniambie. Nilisimama nikafumba macho nikangoja. Dada yangu, haukuniambia kitu. Nikamwita. Nilimwita kwa sauti, "Nusrat!" vile nilivyokuwa namwita aingie ndani magharibi. Frida aligeuka akaficha uso kwenye kitenge chake. Hata mbwa hakubweka.

Imamu akaanza kusoma Yasini, nikaisoma naye. Frida akaja karibu akaniambia, "Waombee wote, baba. Na wa kwako yumo." Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilimwambia sikuja kuomba kwa wote, nimekuja kwa mwanangu. Akaniachia nilie. Mwisho nikawaombea wote, kwa sababu nitafanya nini. Imamu aliahidi watasimamisha jiwe moja lenye majina ya wote. Nilimshukuru. Hana kosa lolote.

Lakini ndani ya gari sikuweza kuacha kumfikiria yule msichana wa njiwa. Elfu mbili na mia nne, na jina la baba yake bado linasomeka. Wa kwangu miaka mitatu tu.

Jioni ile Bibie alipouliza kama nimefika, nilimwambia nimefika makaburini, mengine nitamweleza nyumbani. Sikuweza kumwambia kwenye simu. Naye akashukuru kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka mingi.

Nikarudi. Tulipopita Ilula na wachuuzi wakaja dirishani na nyanya na vitunguu, nilinunua ndoo nzima bila kujua nimeinunulia nini. Nafika nyumbani nakuta uwanja umejaa akina mama. Bibie ameita khitma ya kumwombea Nusrat. Amepika pilau, amevaa lile gauni la kijani ulilomletea, ananipokea mlangoni kama ninatoka Makka. Nikakaa katika dua ile nikiitikia amini.

Wageni walipoondoka akanishika mkono akaniingiza chumbani kwa Nusrat, akaketi kitandani.

"Haya. Niambie sasa. Amelala wapi? Kuna kivuli?"

Nikamwambia yote. Mvua, vibao, yule mlinzi, yale matuta. Sikumficha. Alinisikiliza ametulia kabisa, mikono magotini.

"Kwa hiyo kaburi lake hukuliona," akasema.

"Sikuliona."

"Na aliyemzika amekufa."

"Amekufa."

"Na yule Msudani? Yeye si alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alikatazwa. Ile picha naye alitumiwa tu."

Ndipo, dada, akatabasamu. Tabasamu lake la zamani, lile la Bibie tuliyemjua.

"Basi, Baba Nusrat," akaniambia, "nani alimwona mwanangu amekufa?"

Nikamkumbusha cheti cha hospitali. Akasema vyeti vinaandikwa na watu, hata chake mwenyewe cha kuzaliwa kimekosewa jina. Nikamkumbusha miaka mitatu ya kimya. Akasema mtu anaweza kupoteza kumbukumbu, anaweza kufungwa, ugonjwa ule ulimharibu kila mtu akili. Kwa kila neno langu alikuwa na neno.

Tangu siku ile nyumba yangu imegeuka. Godoro la Nusrat linaanikwa juani kila asubuhi. Mapazia yamefuliwa. Amemwambia maalimu asisome tena dua ya marehemu hapa kwetu. Anakula, anaimba jikoni, anataniana na wateja. Majirani wananipongeza: "Safari yako imemponya mkeo." Sheikh alikuja kuzungumza naye. Alimtilia chai, akamsikiliza kwa adabu, halafu akamwuliza, "Sheikh, wewe ulikuwepo?" Sheikh akaniangalia mimi. Mwalimu Kalinga naye siku hizi akifika karibu na duka anavuka barabara. Anadhani namlaumu. Simlaumu. Najilaumu mimi niliyekwenda. Kama ningebaki hapa na picha yangu, tungekuwa na kaburi.

Nikimkatalia Bibie, namzika mtoto mara ya pili kwa mikono yangu. Nikinyamaza, nashiriki. Sijui, dada. Kila swala naomba nionyeshwe njia, na sioni kitu.

Ombi langu ni moja: njoo. Najua goti linakusumbua na safari ni ndefu. Lakini wewe ndiye uliyemwosha mama yetu alipofariki, Bibie akikushikia maji, na hakuna mtu anayemheshimu kama wewe, wifi yake. Mtu aliyeosha maiti labda ana maneno ambayo mimi sina. Kama hata wewe hutaweza, basi angalau tutakuwa wawili.

Kuna jambo jingine, nalo linaniogopesha kuliko yote niliyoandika. Ijumaa iliyopita baada ya swala tulikuwa dukani, Bibie anapepeta mchele, mimi nipo kwenye mzani. Simu ikaita juu ya meza. Namba ya nje, hatuijui. Bibie akatupa ungo, akaikimbilia. Nami nikaikimbilia. Mimi, Habibu, niliyesoma Yasini juu ya yale matuta. Niliusukuma mkono wake, dada, nikaipata kwanza, na neno lililonitoka halikuwa haloo. Nilisema, "Nusrat?"

Halafu nikasikia sauti yako, "Habibu, ni mimi Saumu, nimebadilisha laini."

Ndiyo maana nilikata simu. Usinikasirikie.

Nisalimie shemeji, na uwabusu wapwa zangu Rahma na Idrisa. Bibie anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, aliniagiza nisisahau kuweka na salamu za Nusrat.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akufanyie wepesi wa njia, na awape maiti wetu wote nuru popote walipolala.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja, ninayekupenda na kukungoja,

Habibu Matano